Symphorien Musonda na Filimu Aliyoiangalia Mara Moja

Wembe unakwangua polepole.

Hivi ninavyozungumza nanyi, wasikilizaji wapendwa, katika nyumba moja ya mtaa wa Katuba kuna mwanamume ameinama juu ya meza. Mkononi ana wembe. Mbele yake kuna kipande cha filimu, kirefu kama kidole. Anakwangua ukingo wake mpaka uwe mweupe. Anapaka gundi, analaza kipande juu ya mwenzake, anavibana, anahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Halafu anachukua kingine.

Vipande ni arobaini na kimoja. Nilipotoka pale saa kumi, alikuwa ameunga ishirini na vitatu. Uani watu wamekaa kwenye kilio. Mwenye nyumba amekufa, na huyu anayekwangua si ndugu yake. Alipoingia jana kwa miguu kutoka stesheni ya malori, kila mtu uani aligeuka kumtazama.

Mwenye nyumba ni Symphorien Musonda. Mnaijua sauti yake. Kila Jumamosi, saa kama hii, katika dakika kumi hizi hizi, aliketi kwenye kiti hiki na kuwaeleza filimu, za zamani na mpya. Alifariki Jumanne, tarehe nne Desemba, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Mwaka huu tumesoma matangazo mengi ya misiba, wasikilizaji wapendwa. Sauti zetu zimechoka, na masikio yenu pia, najua. Lakini nawaomba dakika kumi. Ni dakika zake.

Symphorien hakusomea filimu. Alisoma miaka mitano kwa mapadri, kisha akajifunza kutengeneza saa kwa kuzifungua na kuzifunga. Alikuwa na meza ndogo sokoni, yenye kioo cha kukuzia na kibati cha skrubu. Ukimletea saa iliyosimama, aliiweka sikioni, akaisikiliza, akakuambia, "Rudi kesho." Kesho yake aliisikiliza tena. Ndipo alipokuambia ugonjwa wake.

Watu walimcheka. "Papa Symphorien, saa imekufa, unaisikilizia nini?"

Naye alijibu, "Kufa ni neno kubwa. Ngoja kwanza."

Filimu aliziangalia hivyo hivyo. Kila filimu aliiangalia mara mbili. Kumbukeni hilo, kwa maana kila kitu nitakachosema kinatoka hapo. Mara ya kwanza aliketi kwenye mabenchi pamoja na watu, akacheka wakicheka. Mara ya pili aliweka kiti kando ya pazia, akaligeuzia pazia mgongo, na kuangalia nyuso za watu. Wageni walidhani ana kichaa. Mtu kalipa kiingilio, halafu anaipa filimu kisogo!

Mkewe, mama Marie-Thérèse Mukuka, alinionyesha madaftari yake. Kila ukurasa una mstari wa penseli katikati. Upande wa kushoto ameandika juu, "Niliona." Upande wa kulia, "Nafikiri." Upande wa kushoto aliujaza baada ya mara ya kwanza. Wa kulia hakuugusa mpaka baada ya mara ya pili.

Nimesoma kurasa nyingi. Kuhusu filimu moja mpya ya wapanda farasi aliandika, "Farasi wanakimbia vizuri sana. Wenye farasi sikumbuki hata mmoja, na watu wa benchi la tatu hawakumbuki pia, niliwauliza." Kuhusu filimu moja ya zamani sana, isiyo na sauti, aliandika, "Mwizi ananyata nyuma ya mzee. Mama mmoja wa Katuba alimwonya mzee mara tatu kwa kelele. Mzee hakusikia. Mama alikasirika, akasema wazee wa zamani walikuwa na kiburi. Filimu hii ina miaka mingi kuliko mimi na bado inagombanisha watu. Ni nzima."

Ndivyo alivyokuwa. Hakusema filimu ni nzuri au mbaya. Alisema ni nzima, au ni mgonjwa, au inahitaji kusafishwa. Kama saa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nitawaeleza filimu moja ambayo Symphorien aliiangalia mara moja tu.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana. Mnakumbuka mwaka jana ulivyokuwa. Filimu mpya hazikufika tena. Zile za zamani zilirudi zikarudi, mpaka watu wakajua maneno yake kuliko wachezaji. Katika jumba moja la sinema, nisilotaka kulitaja, walileta filimu ya zamani ya mlinzi wa reli. Mlinzi huyu anakaa penye njia panda ya treni, na kazi yake ni kuinua taa. Ajali inatokea. Kijiji kinasema alilala. Yeye anasema hakulala. Kijiji kinamfukuza. Anaondoka akifuata reli, bila taa yake. Mgongo wake unakuwa mdogo, mdogo, na hapo picha ikaruka, ukuta ukawa mweupe, taa za jumba zikawashwa. Mwisho.

Watu walipiga miluzi. "Rudisheni mwisho wetu!" Symphorien aligeuka kutazama nyuma. Mlangoni pa chumba cha mashine alisimama mwendesha mashine, na mkononi alikuwa na makasi.

Mwendesha mashine huyo ni Stanislas Ntumba. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Ndiye anayekwangua filimu sasa hivi kwenye meza ya marehemu.

Symphorien alitaka kurudi kuiangalia mara ya pili. Jumamosi jioni alikuja hapa redioni akaniambia mimi, msimamizi wa kipindi, kwamba hana la kusema wiki hiyo, filimu ameiona mara moja. Nami nilikuwa nimechoka, wasikilizaji wapendwa. Nilikuwa na dakika kumi tupu. Nikamwambia, "Sema ulichoona. Dakika hazingoji." Ni mimi niliyemwambia hivyo. Nalisema hapa ili kosa lisihesabiwe kwake peke yake.

Akaketi. Akasema ulichosikia wewe uliyekuwa na redio siku hiyo, tarehe kumi na tano Julai. Alisema sentensi tatu. "Mwisho wa filimu hii umekatwa. Umekatwa kwa makasi, hapa hapa mjini kwetu. Nilimwona mwenye makasi."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Jumba lile lilikuwa na mwendesha mashine mmoja.

Jumatatu, penye bomba la maji, watu walikuwa wameshampa Stanislas jina jipya. "Makasi, uko muzima? Makasi, leo unakata nini?" Mwanzoni ilikuwa mzaha, na Stanislas alicheka nao. Kufika Jumatano mtu akasema, "Bantu ba Kasai banatukatia ata filimu." Hapo mzaha ukaisha. Mwenye jumba, ambaye hakupenda kuulizwa na watu habari za mwisho wa filimu, alimwambia asirudi kazini. Wiki mbili baadaye mawe yalipiga mlango wake. Sisemi mawe yalitoka kwenye sentensi tatu peke yake. Siku zile watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa mjini kwetu, na mawe yalikuwa na sababu nyingi. Lakini mlango wa Stanislas ulikuwa haujapigwa kabla ya Jumamosi ile.

Kabla hawajakimbia nyumba yao, mke wa Stanislas alikwenda sokoni. Anaitwa Honorine Mwaba, mzaliwa wa kijiji cha Kasomeno. Alisimama mbele ya meza ya saa, akaweka kopo la maziwa ya unga, akalifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya filimu, kila kimoja kimefungwa katika kikaratasi, kila kikaratasi kina maandishi. Bobini ya tano, yaani gurudumu la tano la filimu, kipande cha kwanza, tarehe. Bobini ya tano, kipande cha pili, tarehe. Vyote arobaini na kimoja.

"Hii njo kazi ya makasi," Honorine alimwambia. "Mashine iko na meno ya kuzeeka. Inakula filimu. Bwana yangu aliomba meno ya mupya, bakamunyima. Aliomba gundi, bakamwambia gundi haifike. Sasa angefanya nini? Kila fasi ilipasuka, alikata, juu filimu ipite. Na kila kipande alichunga. Alisema siku gundi itafika, ataunga yote."

Symphorien alikishika kipande kimoja, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia. Akakipindua upande wa pili. Mwenye meza ya jirani, aliyekuwa akiuza sabuni, aliniambia kwamba uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeangusha saa ya mteja.

"Mama," alisema mwishowe, "nitasema mu radio. Nitaitengeneza. Lakini nilikosa juu niliona mara moja. Sasa sitaki kukosa tena. Acha nione kwanza filimu yote, na mwisho wake, mara mbili. Halafu nitasema."

Honorine alifunga kopo. Mwenye sabuni anasema hakupandisha sauti hata kidogo.

"Papa Symphorien," alisema, "kwa kutuharibia, mulitosheka na mara moja. Kwa kututengenezea, munataka mara mbili?"

Akaliacha kopo mezani, akaenda zake.

Wasikilizaji wapendwa, Symphorien hakusema. Jumamosi iliyofuata hakusema, na iliyofuata hakusema. Stanislas na Honorine walikaa kwenye mahema ya kambi pamoja na maelfu ya wengine. Baadaye walitoka usiku mmoja, wakaenda Kasomeno kwa wakwe, na huko Stanislas akawa anauza chumvi na samaki wakavu barabara ya Kasenga. Jumba la sinema lilifungwa. Bobini zilibaki ndani. Na Symphorien aliendelea kuja hapa kila Jumamosi kueleza filimu nyingine, miezi karibu kumi na saba, mara nyingine filimu alizoziona kabla ya yote haya, akisoma madaftari ya zamani.

Kwa nini hakusema? Nimelibeba swali hilo wiki nzima. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ndio aliouamini, hasa baada ya kuuvunja mara moja na kuona kilichotokea. Labda ni hivyo. Labda aliogopa pia. Kumsifu mtu wa Kasai redioni, siku zile, halikuwa jambo dogo.

Nilimuuliza mama Marie-Thérèse. Alikuwa anachambua mchele wa kilio, hakuinua kichwa.

"Yote mbili," alisema. "Aliogopa, na ile kanuni yake ilimupatia fasi ya kujificha. Na alijua. Usiku mingine alikuwa anasema, Thérèse, ile kanuni yangu iko muzuri, ni mimi niko mubaya ndani yake. Mimi namwambia, basi sema! Yeye, kesho. Kila siku, kesho. Bwana yangu alikuwa mutu muzuri. Lakini kesho yake ilikuwa mingi."

Kisha akanionyesha ukurasa. Ni ule wa filimu ya mlinzi wa reli. Kushoto, chini ya "Niliona," ameandika: Mgongo. Reli. Ukuta mweupe. Mlango. Makasi. Kulia, chini ya "Nafikiri," hakuna neno hata moja. Lakini karatasi upande huo imechakaa, imekuwa laini kama kitambaa, kwa kufutwa. Aliandika na kufuta, akaandika na kufuta.

Alikwenda kwenye jumba lile mara nne kuomba bobini. Mara tatu alikuta kufuli. Mwezi uliopita, mara ya nne, mlinzi alimruhusu. Alizibeba bobini tano nyuma ya baiskeli mpaka Katuba, huku akikohoa. Akampa dereva wa lori barua ya kupeleka Kasomeno. Mama Marie-Thérèse anaikumbuka, kwa sababu mumewe alimsomea kabla ya kuifunga. "Ndugu Stanislas. Bobini ziko kwangu. Kopo liko kwangu. Gundi nimepata kidogo. Njoo uunge. Nitaangalia mara mbili, halafu nitasema jina lako."

Jibu halikuja. Wiki ile ile alilala, na hakuamka tena kwenda sokoni.

Alhamisi tulimzika. Mnajua desturi yetu: kwenye kilio kuna bizukulu, wale wenye ruhusa ya kumtania marehemu ili machozi yapate pumzi. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti, alivaa miwani ya marehemu, akachomeka penseli sikioni, akaweka kiti kando ya jeneza na kuketi akilipa mgongo. Akatutazama nyuso zetu, mmoja mmoja. Kisha akatangaza:

"Nimemuona mara moja. Kushoto naandika: amelala. Kama amekufa, miye sijue bado! Murudishe jeneza kesho, nimuone mara ya pili!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Marie-Thérèse alicheka, kisha akalia kwa namna ambayo kicheko kilikoma ua mzima.

Na jana, Ijumaa, Stanislas Ntumba akaingia.

Amekonda. Nywele zimeanza mvi. Begani alikuwa na mfuko mdogo. Mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Makasi." Hakuna aliyemwitikia. Stanislas alikwenda moja kwa moja kwa mjane, akapiga magoti kama inavyotakiwa, akampa mkono.

"Mama, pole," alisema. "Lakini sikuje kwa kulia. Nilikuja kwa kuunga. Bobini iko wapi?"

Mama Marie-Thérèse aliupokea mkono wake. Kisha akanyanyuka, akaondoa vikombe vyote mezani, akapangusa meza kwa khanga yake mwenyewe.

Leo mchana nilikaa naye kitambo. Nilimuuliza ikiwa barua ilimfikia. Alisema ilimfikia. Mbona hakujibu? Aliendelea kukwangua.

"Nilisema, acha naye angoje kidogo. Wiki mbili, tatu. Ajue kungoja iko namna gani." Akapuliza vumbi kwenye wembe. "Sikujua alikuwa mugonjwa."

Nilimsogezea kopo. Nilimuuliza mwisho wa filimu ukoje, kwa maana ni yeye peke yake mjini hapa aliyewahi kuuona kabla ya meno ya mashine kuula. Aliinua kipande kwenye mwanga wa dirisha.

"Bantu ba mugini banamufuata ku reli," alisema. "Banamuletea taa yake."

"Banamuomba samahani?"

"Sijue. Munaona midomo inasema. Lakini treni inapita pale pale, sauti yote ni ya treni. Yeye anapokea taa. Njo mwisho basi."

"Na weye? Umemusamehe Papa Symphorien?"

Alikibana kipande, akahesabu mpaka thelathini.

"Tangu amekufa sikumuona ata mara moja," alisema, "nilikuta bamekwisha kumuzika. Muniache kwanza nimalize kazi."

Wasikilizaji wapendwa, najua kanuni ya kiti hiki. Aliyekikalia hakusema kabla ya kuona mara mbili. Filimu hii sijaiona hata nusu. Gundi ni kidogo, mashine ya kuionyesha bado hatujaipata, na siku tulizo nazo hazimwahidi mtu kitu. Nikingoja nione mara mbili, huenda nami nikafa na ukurasa mtupu upande wa kulia. Basi nasema, na najua ni siku gani hizi ninazosemea.

Stanislas Ntumba hakukata mwisho wa filimu. Alikata kilichopasuka ili kingine kipite, na alichokikata alikitunza. Symphorien Musonda alikosea, nami nilimharakisha akosee. Narudia, kwa aliyechelewa kuwasha redio: Stanislas Ntumba hakukata mwisho. Alikuwa anautunza.

Mama Marie-Thérèse Mukuka, ukoo wa Musonda, majirani wa Katuba na wenzake wa sokoni, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama Honorine, kama redio inafika Kasomeno leo, pole nawe, na jibu la swali lako ulilouliza sokoni ni hapana. Mara moja ilitosha.

Na wewe unayenisikiliza, usinijibu mimi. Kaa kidogo na jina moja ulilolitaja baada ya kuona mara moja. Unalijua ni lipi. Mwenye jina hilo huenda bado yuko hai.

Sasa ni saa kumi na mbili na dakika tisa. Mwanga wa dirishani Katuba umekwisha, na kwa taa ya mafuta hawezi kufanya kazi ile, gundi hushika moto. Atakuwa ameshafunga kopo na kuufunika wembe. Mama Marie-Thérèse amemtandikia mkeka katika chumba cha mbele, karibu na bobini. Vipande vilivyobaki, kumi na kitu, vimo ndani ya vikaratasi vyake, kila kimoja na tarehe yake. Ataanza tena asubuhi.